Brashi Namba Mbili

Kila mwisho wa Oktoba, kabla ya Siku ya Marehemu Wote,
napanda kilima na kopo la rangi nyeusi,
brashi namba mbili, kitambaa, siki ya kung'olea kuvu.
Kazi hii niliirithi kwa bibi. Hakuna mwingine aliyeitaka.

Huku Parana misonobari hunyanyua matawi kama vinara,
na mvua haina adabu:
hulamba majina mpaka wafu wabaki na tarehe tu.
Mimi huwarudishia, herufi moja moja.
Kipolandi sikijui. Najua mikia yake,
na ule mkato unaopita katikati ya L
kama mtu anayekatiza shamba la jirani.

Teofil Grabiec,
mweka hazina wa Ushirika, miaka ishirini na miwili.
Jiwe limeandikwa hivyo, cheo kwanza, mke baadaye.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
na Teofil alikuwa na madaftari manne;
hata msumari uliopinda aliuandika.
Mwaka wa nzige alikopesha koloni nzima mbegu,
kisha nyumbani kwake wakala viazi vya baridi, kimya.
Wanawe hawajamsamehe.
Wamelala ng'ambo ya njia, wamempa kisogo.

Apolonia Szczurek, mkunga.
Watoto mia mbili na kumi na wanne,
hakuna hata mmoja wa tumbo lake.
Alipanda nyumbu usiku, taa mkononi,
akiyalaani matope kwa lugha mbili.
Mishumaa yake huzidi ya padri;
nta hushikana na nyasi, nami hukwangua hadi Desemba.

Hapa Brunon. Karani wa bandarini alilikosea jina lake la ukoo,
na karani wa meza ya pili akamkosea kaka yake kivingine.
Tumbo moja, mawe mawili, koo mbili.
Niliuliza niandike lipi; wajukuu wakagombana.
Nimeyaacha yote.

Pembezoni, karibu na ukuta:
Józefa Książka, 1871–1938. Alitufundisha.
Hana picha ya kauri kama wenzake,
hana mume, hana mtoto,
na bado kila nyumba humletea mshumaa.
Bibi aliniambia wiki yake ya mwisho,
akicheka hadi akakohoa.

Mwaka ule serikali ilifunga shule za lugha za kigeni.
Sajenti alikuwa njiani, na gari la kubebea vitabu.
Mwalimu Walenty na seremala wakapiga jeneza usiku mmoja.
Alfajiri kengele, vilio, wanawake wamejitanda shela nyeusi.
Sajenti akakutana nao darajani, akavua kofia,
akauliza marehemu ni nani.
Wakamtajia.
Hakujua kwamba jina lile la ukoo, kwa Kipolandi,
ni kitabu.
Alisaidia hata kubeba, kona ya nyuma kushoto.
Akasema: mama huyu alikuwa mzito.

Hatujamfukua.
Watu wa chuo kikuu walikuja na fomu;
tukakaa ukumbini, kibuyu cha chai kikazunguka mara tatu,
na mzee Zenon akasema, mwacheni alale.
Labda amekwisha kuwa mchwa,
mizizi, tope lenye irabu.
Labda.

Yeye humwachia mwisho, mkono ukiwa umetulia.
Nikifika kwenye ile A ya katikati, yenye ndoano chini,
hubana pumzi.
Mwaka jana binti wa Onofre, miaka sita, alinishikia kopo.
Akauliza hii inasomwaje.
Nikamwambia sijui.
Akachovya kidole kwenye rangi,
akaichora kiganjani, ndoano na yote,
akashuka kilima akipepea mkono
ikauke kabla hajafika kwa mama yake.